Redio ya 1980 ina la kutwambia kuhusu vishikwambi vya leo

MJADALA kuhusu teknolojia katika ufundishaji wa Kiingereza nchini huendeshwa kana kwamba ulizaliwa juzi, simu za mkononi zilipoingia mifukoni mwetu. Leo tunazungumzia akili unde. Jana yalikuwa mambo ya vishikwambi, na kabla yake vipakatalishi. Ukisikiliza utadhani kwamba mwalimu wa Kiingereza wa zamani hakuwa na chochote ila chaki, ubao na sauti yake. Si kweli. Zaidi ya miaka 40 iliyopita, Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi ambako dunia ilikuja kujifunza jinsi teknolojia inavyoweza kumfunza mtoto lugha ya pili. Kifaa chenyewe kilikuwa redio. Nataka leo tuirejelee historia hiyo, maana nionavyo mimi, tumeisahau na kusahau kwetu kunatugharimu.

Ili tuielewe redio hiyo, hebu tuanze na sera ya lugha. Mnamo 1957, wakoloni walianzisha Kituo Maalum jijini Nairobi kwa lengo la kutayarisha masomo ya kuwafunza watoto wa shule za Waasia kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Mbinu hiyo ilienea hadi shule za Waafrika. Tulipopata uhuru, Tume ya Ominde ya 1964 iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Miaka 12 baadaye, ripoti ya Gachathi ya 1976 ikaja na msimamo tofauti: mtoto afunzwe kwa lugha inayotumika katika eneo la shule yake kwa miaka mitatu ya kwanza, naye ajifunze Kiingereza kama somo. Akifika darasa la nne, masomo yote yahamie Kiingereza.

Kwenye karatasi, sera hiyo ilikuwa na mantiki. Wanaisimu wengi wanakubaliana kwamba mtoto hujifunza kusoma kwa wepesi zaidi katika lugha anayoielewa. Lakini hebu fikiria mtoto wa kijijini ambaye nyumbani hakuna anayezungumza Kiingereza, njiani hakisikii, sokoni hakisikii. Ana miaka mitatu tu ya kukipata, tena kwa kipindi kimoja kimoja cha somo. Mwalimu wake mwenyewe huenda hakujiamini katika lugha hiyo. Mtoto huyu akiingia darasa la nne bila Kiingereza cha kutosha, hapotezi somo moja. Anapoteza hisabati, sayansi, jiografia na mengine yote, kwa sababu yote yanakuja katika lugha asiyoijua. Daraja la kumvusha kutoka darasa la tatu hadi la nne ndilo lililokuwa bovu, na ndilo bado bovu katika shule nyingi.

Hapo ndipo redio ilipoingia. Kati ya 1980 na 1985, kwa ufadhili wa shirika la misaada la Marekani, USAID, Wizara ya Elimu ilishirikiana na wataalamu kutoka nje kuendesha mradi ulioitwa Radio Language Arts Project. Ulilenga darasa la kwanza hadi la tatu, yaani miaka ile ile mitatu ya Gachathi. Wazo lake lilitoka Nicaragua, ambako katika miaka ya 1970 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikuwa wametumia redio kufunza hisabati. Kenya ilipewa kibarua kigumu zaidi: je, mbinu iliyofaulu kwa hesabu inaweza kufunza lugha?

Redio shuleni haikuwa jambo geni. BBC ilianza kufunza Kiingereza redioni mnamo 1943, na vipindi vya shule vilisikika hapa kwetu pia. Ila vipindi vingi vya aina hiyo vilikuwa vya kusikiliza tu. Redio inasema, mtoto ananyamaza, na dakika zikiisha mwalimu anauliza, "Mmeelewa?" Watoto wanajibu, "Ndiyooo," na mambo yanaishia hapo.

Mradi wa 1980 uliivunja desturi hiyo. Somo lilichukua nusu saa. Sauti redioni iliuliza swali, kisha ikanyamaza kwa sekunde chache. Kimya hicho kilikuwa kimepangwa. Kilikuwa zamu ya watoto. Darasa zima lilijibu kwa sauti, halafu redio ikarudi na kulitaja jibu sahihi ili kila mmoja ajipime. Iliwaambia wasimame, wagusе kitu, waimbe, wasome neno ubaoni, waandike. Naye mwalimu hakuketi kando. Alikuwa na mwongozo mkononi, akaandika ubaoni kabla ya kipindi, akazunguka kati ya madawati kuwasaidia waliokwama, na kuendeleza somo redio ilipozimwa.

Tazama kilichofanyika kisayansi. Katika darasa kubwa, mtoto mmoja hupata nafasi ya kufungua kinywa mara chache sana kwa juma. Mwalimu huuliza, anayejua huinua mkono, wengine hubaki watazamaji. Redio iliwapa wote zamu, tena mara nyingi ndani ya somo moja. Iliwapa pia kielelezo cha matamshi ambacho hakikutegemea kama mwalimu alilelewa akikisikia Kiingereza au la. Tathmini ya mradi ilionyesha kwamba watoto waliofunzwa hivyo waliwashinda wenzao wa shule za kawaida katika kusikiliza na kusoma. Haya yalitendeka katika shule za mashambani, kwa kifaa kinachotumia betri.

Sasa sikiza yaliyofuata. Mnamo 1985 mradi ulifika mwisho. Mwaka huo huo, mfumo wa 8-4-4 ulianza. Silabasi zilibadilika, vitabu vikabadilika, na nguvu zote za wizara zikaelekezwa huko. Masomo ya redio yalikuwa yametungwa kwa silabasi ya awali. Hayakuenezwa kote nchini kuwa sehemu ya kudumu ya ufundishaji wa Kiingereza. Kumbe wenzetu walikuwa wakitutazama! Lesotho ilivichukua vipindi vilivyotayarishwa Kenya, ikavirekebisha na kuvitumia katika shule zake. Katika miaka ya 1990, Afrika Kusini nayo ikawa na kipindi chake cha redio, English in Action, kilichojengwa juu ya mbinu hiyo hiyo. Tulipanda sisi, wakavuna wengine.

Baada ya hapo tukaruka hadi 2013, mwaka ambao serikali mpya ya Jubilee iliingia madarakani ikiwa imeahidi kila mtoto wa darasa la kwanza kipakatalishi. Zabuni ya kwanza ilibatilishwa. Mpango ulipoanza kutekelezwa 2016, vipakatalishi vilikuwa vimegeuka vishikwambi, na vyuo vikuu vya Moi na JKUAT vilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kuviunda na kuvisambaza. Shule nyingi ziliunganishwa na umeme kwa ajili hiyo. Hilo peke yake ni jambo la kushukuriwa, maana taa zilizowashwa zilibaki.

Lakini vifaa vyenyewe? Katika shule nyingi viliishia kufungiwa kabatini kwa hofu ya wezi. Kwingine mwalimu hakuwa ameandaliwa vya kutosha kuvitumia katika somo la lugha. Isitoshe, maudhui ya mwanzo yalitayarishwa kabla ya mtaala wa umilisi kuanza kutekelezwa kote nchini mnamo 2019. Yaani yaliyotukia 1985 yalijirudia. Mara mbili tumetengeneza masomo ya kiteknolojia, na mara mbili mtaala mpya umekuja ukayakuta njiani.

La kusikitisha zaidi ni kwamba, wakati siasa za vipakatalishi zikichemka, utafiti wa maana ulikuwa ukifanyika papa hapa nchini. Mradi wa PRIMR, ulioanza 2011, ulijaribu njia mbalimbali za kuimarisha usomaji wa Kiingereza na Kiswahili katika madarasa ya mwanzo. Katika eneo la Kisumu, watafiti walilinganisha makundi matatu. Kundi moja, vishikwambi vilipewa maafisa wanaowatembelea na kuwashauri walimu. La pili, vilipewa walimu. La tatu, watoto wenyewe walipewa vifaa vya kusomea vya kielektroniki. Shule za makundi yote matatu zilifanya vizuri kuliko zile ambazo hazikuhusishwa. Ila kati ya makundi hayo, hakukuwa na tofauti ya maana. Kumpa kila mtoto kifaa, jambo lenye gharama kubwa kabisa, hakukumfanya asome vizuri kumshinda yule ambaye afisa wa mwalimu wake ndiye aliyekuwa na kishikwambi.

Matokeo hayo yaliingia katika mpango wa Tusome ulioanza kitaifa 2015. Mtoto alipewa kitabu chake mwenyewe, cha karatasi. Mwalimu alipewa mwongozo wa kila somo. Kishikwambi akapewa afisa wa mtaala, ambaye aliketi darasani, akasikiliza watoto wachache wakisoma, akanakili matokeo kwenye kifaa na kumshauri mwalimu papo hapo. Ukiangalia vizuri utaona kwamba Tusome na redio ya 1980 ni ndugu. Katika yote mawili mtoto anafungua kinywa, mwalimu ana mwongozo, na teknolojia inakaa pale inapomsaidia mwalimu. Haidai kuchukua kiti chake.

Halafu ikaja korona. Shule zilifungwa Machi 2020, na Taasisi ya Ustawishaji wa Mitaala, KICD, ikarudi kwenye redio na runinga. Sitawalaumu, kwani hali ilikuwa ya dharura. Hata hivyo, mtoto aliyeketi nyumbani peke yake na redio hakuwa na wenzake wa kujibu pamoja nao, wala mwalimu wa kumrekebisha. Lau vipindi vya aina ile ya 1980 vingekuwa vimehifadhiwa, vikaendelezwa na kusahihishwa kwa miaka 35, dharura ingetukuta na ghala lililojaa. Ilitukuta tukianza upya.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Maarifa nayo ni mali. Tatizo letu halijawahi kuwa uhaba wa majaribio. Tumejaribu mengi na kupata majibu mazuri, kisha ufadhili ukiisha au mtaala ukibadilika, tunafunga daftari na kulitupa. Anayekuja baadaye anauziwa kifaa kipya kwa maneno yale yale ya kusifia.

Nimeandika haya katika safu ya Kiswahili kwa sababu mbili. Kwanza, mtoto anayejifunza Kiingereza na anayejifunza Kiswahili ni mtoto mmoja, na katika sehemu nyingi za nchi lugha zote mbili kwake ni ngeni. Kilichofaa katika Kiingereza cha 1980, yaani kusikia lugha iliyotamkwa vizuri na kupewa zamu ya kuijibu kila siku, kinaweza kufaa katika Kiswahili cha Gredi ya 1 huko Turkana au Kuria leo. Pili, sisi wa Kiswahili tumezoea kulalamika kwamba Kiingereza hupewa kila kitu. Basi angalau tujifunze kutokana na makosa yaliyofanywa kwa fedha hizo.

Sasa akili unde iko mlangoni. Kuna programu zinazoweza kuzungumza na mtoto kwa Kiingereza, zikamngoja ajibu, zikamsahihisha matamshi bila kuchoka. Wanaoziuza wanasema hili halijawahi kuonekana. Mimi nawaambia lilionekana katika vijiji vya Kenya mtoto wa leo akiwa bado hajazaliwa wala mama yake. Tofauti ni kwamba redio moja ilihudumia darasa zima kwa betri, ilhali programu hizi zinahitaji kifaa, umeme na intaneti ya kulipiwa. Zinaweza kutufaa, sikatai. Ila mwalimu asipokuwa na nafasi ndani yake, na maudhui yake yasipofungamanishwa na mtaala kwa namna ambayo mabadiliko ya mtaala hayatayazika, zitaufuata mkondo wa vishikwambi vya kabatini.

Kwa hivyo wizara ikija kutangaza mpango mwingine, na itakuja, tusiishie kuuliza ni vifaa vingapi vimenunuliwa na vitafika lini. Tuulize mtoto atafungua kinywa mara ngapi katika somo moja, nani atamsikiliza, na nani atakuwa akilipia mpango huo miaka kumi baada ya mfadhili kuondoka. Wasipokuwa na jibu, tuwaelekeze wayasome kwanza yale ya 1980.