Neno la Wiki: Kaimu

Asili yake ni Kiarabu: anayesimama. Kaimu husimama mahali pa mwenye cheo kwa muda tu. Huko Buganda kulikuwa na makaimu waliosimama miaka 17. Mwaka 1897 Waingereza walimwondoa Kabaka Mwanga, kiti akapewa mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka 1. Makaimu Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri walitia sahihi Mkataba wa 1900 na Waingereza kwa niaba yake, wakajipatia ardhi kubwa. Uajemi nako, Ahmad Shah alitawazwa 1909 akiwa na miaka 11, chini ya kaimu. Mwaka 1925 ukoo wake wa Qajar ukavuliwa ufalme. Basi ukimsikia kaimu, uliza: atakabidhi lini, na atakabidhi nini?