Sadaka na Mkopo: Habari za Wayahudi wa New York

Neno letu "sadaka" tumelipokea kwa Waarabu, nalo ni ndugu wa neno la Kiebrania, "tsedaka". Lakini asili ya neno lile la Kiebrania si huruma, ni haki: ampaye maskini amemtolea iliyo haki yake. Jinsi maana hiyo ilivyojaribiwa, twaiona katika mji wa New York.

Mwaka 1654 Wayahudi wapatao 23 walifika huko kutoka Brazil, baada ya Wareno kuutwaa tena mji wa Recife. New York ulikuwa wa Waholanzi, ukiitwa New Amsterdam. Liwali wake, Peter Stuyvesant, alitaka kuwafukuza. Mwaka 1655 wakuu wa Kampani, waliokaa Amsterdam, wakamwamuru awaache, ila kwa sharti: maskini wao wasiwe mzigo wa Kampani wala wa watu wa mji, bali watunzwe na taifa lao wenyewe.

Sharti likawa desturi. Mwaka 1852 Wayahudi walianzisha hospitali yao, ambayo baadaye iliitwa Mount Sinai. Na mwaka 1874 vyama kadhaa viliungana kuwa United Hebrew Charities. Kisha, tangu 1881, dhuluma na umaskini katika Urusi vikaleta wageni maelfu kwa maelfu.

Hapo ndipo ulipoingia ugumu. Matajiri, wengi wao wenye asili ya Ujerumani, walitoa mali nyingi. Lakini waombaji walichunguzwa hali zao, nao wakaona haya. Basi wageni wakajiundia vyama vya watu wa mji mmoja, wauguzane na kuzikana. Na mwaka 1892 watu wachache walianzisha Hebrew Free Loan Society, chama cha kukopesha bila riba, kwa akiba ya dola 95 tu. Mkopaji alileta wadhamini, akapata fedha za kuanzia kazi, akalipa kidogo kidogo. Wala hakuulizwa dini yake. Chama hicho chaendelea hata leo.

Maimonides, mwalimu wa Wayahudi aliyekufa mwaka 1204, alipanga sadaka katika daraja nane. Ya juu kabisa ni kumpa mtu mkopo, ushirika au kazi, asihitaji kuomba tena. Wazee wetu nao husema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huidhania mithali hiyo kuwa ya uchoyo. Sisi twaona kwamba ampaye mgeni jembe amemheshimu kuliko ampaye chakula kila siku.