Mshale Unaopiga Chembe Moja

Sisi watu wa Katanga twajua jina la Shinkolobwe. Tangu mwaka 1921 mawe ya urani yalichimbwa pale. Mawe hayo hutoa hewa isiyoonekana wala kunuka, iitwayo radoni. Mtu akiivuta, hurusha ndani ya mapafu yake vipande vidogo sana, ndivyo alfa. Je, kipande kimoja kikiupiga mwili, chafanya nini?

Mwili umejengwa kwa chembe hai, kama nyumba kwa matofali. Karibu kila chembe ina kiini, na ndani yake zimo kromosomu zinazotunza urithi wa wazazi. Zamani wataalamu walimwaga mionzi juu ya chembe nyingi pamoja, kama mvua juu ya shamba. Nani angejua tone lipi limeangukia jani lipi? Ulihitajika mshale wenye shabaha.

Mwaka 1912 Mrusi Sergei Tchakhotine alielekeza nuru kali, isiyoonekana kwa macho, juu ya sehemu moja tu ya chembe. Mwaka 1953, huko Chicago, Marekani, Raymond Zirkle na William Bloom walisonga mbele zaidi. Walikimbiza protoni kwa mashini ya umeme, wakazipitisha katika tundu jembamba kuliko chembe yenyewe. Protoni makumi machache zilizopiga kromosomu zilitosha kuharibu kazi ya chembe kugawanyika. Lakini maelfu yaliyopiga pembeni hayakuonyesha dhara. Basi watu wengi wakashika wazo hili: jeraha la mionzi ni la kiini tu, na ni la chembe iliyopigwa tu.

Wazo hilo halikudumu. Mwaka 1999 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walipiga alfa nje ya kiini, na hata hivyo urithi wa chembe ukabadilika. Mwaka 2000 walichagua chembe 20 katika kila 100, wakapiga kiini cha kila moja kwa alfa 20. Walipohesabu mabadiliko, walikuta mara tatu ya yale waliyotazamia. Maana yake, chembe za jirani, zisizoguswa kamwe, nazo ziliumia.

Ziliumiaje? Chembe zinazogusana hupelekeana habari kwa vijia vidogo. Wataalamu walipoviziba kwa dawa, madhara yakapungua sana. Wazee husema: samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Ni kweli, majaribio hayo yalifanywa katika vyombo vya maabara, si katika mwili mzima wa mtu. Lakini yametufundisha kwamba kuhesabu chembe zilizopigwa hakutoshi. Serikali ilikataza kuchimba Shinkolobwe mwaka 2004. Ndugu yetu anayeshawishika kuingia mashimo ya namna ile asijidanganye akisema, “Nitavuta kidogo tu.” Mshale hupiga chembe moja, na jirani yake hulia pia.