Kuuliza kwa kulipia: adabu, utani na salio lako

Msikilizaji wetu wa Ivuna, Kamsamba, Tunduma na kokote unakotusoma, siku hizi swali lina bei. Ukimtumia mtaalamu meseji, unakatwa salio au unapunguza kifurushi. Wapo pia wakulima na wafugaji wanaolipa ada ili waingie kwenye kundi la WhatsApp la mtaalamu wa kuku, wa mahindi au wa ng'ombe. Katika makala haya tunaeleza namna ya kuuliza ili pesa hiyo isipotee bure, na wapi utani unasaidia au unaharibu.

Mji kwanza, jibu baadaye

Kulipia jibu si jambo geni kwetu. Katika kitendawili anayeuliza husema "Kitendawili!", wenzake huitikia "Tega!", naye hutega. Wakishindwa, hudai: "Nipeni mji." Hapo ndipo vicheko huanza. Wakimpa Vwawa, anakataa. Wakimpa Mbeya, anasema hapana soko la kumtosha. Akikubali Dar es Salaam, anasimulia alivyofika huko na alivyopokelewa, kisha anatoa jibu.

Mchezo huo una kanuni tatu. Hakuna anayetega kabla wenzake hawajaitikia. Anayeshindwa hachekwi mpaka akaona aibu ya kujaribu tena. Na kubwa kuliko zote: aliyepewa mji lazima atoe jibu. Akichukua mji, akachekesha watu na kuondoka bila jibu, ameuvunja mchezo. Kanuni hizi hizi zinatufaa leo kwenye simu.

Wengine duniani walilipiaje?

Mwaka 2002 kampuni ya Google ilianzisha huduma iliyoitwa Google Answers. Muulizaji alipanga bei mwenyewe, kuanzia dola 2 hadi dola 200, na mtafiti aliyejibu alipata robo tatu ya pesa hiyo. Mtu yeyote aliweza kuchangia maoni bila malipo, na kuna wakati mchango wa bure ulimsaidia muulizaji kabla mtafiti hajafika. Huduma hiyo iliacha kupokea maswali mapya mwaka 2006.

Uingereza nako, mwaka 2004, ilianza huduma ya AQA. Mtu alituma swali lolote kwa meseji kwenda namba 63336, akakatwa pauni 1, na binadamu halisi akamtafutia jibu. Watu waliuliza mambo ya maana, na wengine waliuliza mzaha mtupu. Huduma hiyo ilijulikana kwa majibu ya kuchekesha, lakini hata aliyeuliza mzaha alirudishiwa jibu, maana alikuwa amelipa.

Hapa Afrika Mashariki wengine walitafuta njia ya kumwondolea mkulima gharama. Wefarm, iliyoanza Kenya mwaka 2015 na baadaye kufika Uganda na Tanzania, iliwawezesha wakulima kuulizana na kujibizana kwa meseji za kawaida bila kulipa. Farm Radio International, shirika la Canada linalofanya kazi na redio nyingi za Afrika, zikiwemo za Tanzania, lina mfumo unaoitwa Uliza. Msikilizaji anabipu tu, kisha mfumo unampigia. Kubipu, ambako tumezoea kukutania kuwa ni tabia ya wasio na vocha, kukawa njia halali ya kuuliza.

Swali linalojibika

Pesa inalipia meseji au ada. Hailipii mtaalamu kubahatisha. Akikosa maelezo atakuuliza tena, nawe utakatwa tena. Linganisha meseji hizi mbili:

"Ng'ombe anaumwa nifanyeje?"

"Shikamoo daktari. Niko Ivuna. Ndama wa miezi 4 hanyonyi tangu jana, anaharisha, ana kupe wengi masikioni. Nifanye nini kabla hujafika?"

Ya pili ina salamu, mahali, umri, dalili, muda na swali lenyewe, na haifiki herufi 160. Salamu ni lazima kwetu, ila usiitume peke yake kisha ukasubiri kuitikiwa. Hiyo ni meseji nzima imekwenda.

Kutaja mahali si mapambo. Chukua swali hili: "Kimondo cha Songwe kina uzito gani?" Mmoja atajibu zaidi ya tani 10, akimaanisha kile cha Mbozi. Mwingine atajibu gramu 705, akimaanisha kilichoanguka Ivuna tarehe 16 Desemba 1938. Wote wako sahihi, na muulizaji amebaki gizani. Kwenye kimondo tutacheka yaishe. Kwenye kipimo cha dawa ya kunyunyizia viwavijeshi vamizi, walioingia nchini mwaka 2017, kosa la namna hiyo linaweza kukugharimu shamba na afya. Taja zao, taja ukubwa wa shamba, na soma jina la dawa kama lilivyoandikwa kwenye chupa.

Kicheko kinavyokula salio

Meseji moja ya kawaida ina nafasi ya herufi 160, na nukta na nafasi tupu huhesabiwa. Ukiweka emoji moja tu, hata ile ya kucheka, nafasi hiyo hushuka hadi herufi 70. Swali la ndama hapo juu ni meseji moja. Ukiliongezea emoji ya kucheka mwishoni, linakuwa meseji zaidi ya moja, na unakatwa kwa kila moja. Kama ni lazima ucheke, andika "hahaha". Kwenye WhatsApp hesabu hiyo haipo, kwa sababu huko unatumia bando.

Utani una mahali pake

Watani wa jadi, kama Wahehe na Wangoni, hutaniana hata msibani. Lakini mtani huyo huyo ana wajibu wa kushika kazi za msiba. Haki yake ya kutania inakwenda pamoja na kazi.

Kwenye kundi la maswali tunashauri hivi:

- Jibu kwanza, utani baadaye. Huna jibu? Basi usiwe wa kwanza kuandika.
- Swali la homa ya mtoto, ujauzito, sumu au mfugo anayekufa halina utani kabisa mpaka lijibiwe.
- Usimcheke aliyekosea kuandika. Anayejifunza kuandika kwa simu leo kesho ataogopa kuuliza, na swali lake huenda ndilo ulilolihitaji wewe.
- Wakubwa waamkie. Usimtanie mtu asiye mtani wako mpaka aonyeshe kwamba amependa.
- Ukisaidiwa, rudi useme matokeo: dawa ilifanya kazi au haikufanya. Hilo ndilo shukrani, na wengine watalitumia bila kulipa tena.

Ukiombwa pesa kabla ya jibu

Matapeli nao wanajua kutania. Mtu anaanza kwa vichekesho, anakuita mjomba au shangazi, kisha anadai pesa ya "kufungua jibu". Kumbuka kanuni ya mji: anayepokea lazima ajibu. Kabla ya kulipa ada, muulize mtu aliyemo kundini kama amewahi kujibiwa. Ukipokea meseji ya kitapeli, isambaze kwenda 15040 na ufuate maelekezo ya kutaja namba iliyoituma.

Tena, si kila swali linahitaji kulipiwa. Kwa mambo ya afya, piga 199, kituo cha Wizara ya Afya, bila malipo. Kwa usalama wa mtoto, piga 116, pia bila malipo. Kwa huduma za serikali, ikiwemo M-Kilimo ya Wizara ya Kilimo, bonyeza *152*00#. Na afisa ugani wa kata yako ni mtumishi wa umma. Mwamkie, mweleze, muulize. Hakuna mji wa kumpa.