Kuzima na Kuwasha

Mwezi Juni 2025 mpwa wangu alinichukua kwa gari lake kutoka Segera kunirudisha nyumbani Old Korogwe. Tulipokaribia kufika, askari wa usalama barabarani alitupungia mkono, tukasimama nyuma ya basi. Mara injini ikanyamaza. Nilishika mlango na kusema kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka, “Limezimika!”

Mpwa wangu alicheka. “Mjomba, limejizima lenyewe. Nikiachia breki litawaka.”

Akaachia breki, likawaka. Askari alituruhusu, tukaendelea. Mimi nilinyamaza hadi nyumbani, naye akadhani nimeudhika kwa kuchekwa. Sikuwa nimeudhika. Nilikuwa nimekumbuka jambo la mwaka 1983, nalo ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi.

Kabla ya kulieleza, hapana budi nitaje niliyoyasikia siku zilizofuata, kwa maana nilikwenda kijiwe cha madereva wa teksi kuuliza. Mwalimu mstaafu ana muda wa kuuliza. Magari yao mengi yametumika kwanza Japani, na baadhi yanacho kifaa hicho. Mmoja alisema kila aingiapo garini, kabla hata ya kufunga mkanda, hubonyeza kitufe cha kukizuia. Kitufe chenyewe kina herufi A iliyozungushiwa mshale, na kazi hiyo huirudia kila awashapo gari, kwa kuwa gari halikumbuki katazo la jana. Wa pili alilalamikia joto: injini ikizimika, kipoza hewa nacho hulegea, na abiria wa Korogwe mwezi wa Februari hataki kusikia habari za kubana mafuta. Wa tatu, mtu mzima kuwazidi wenzake, alisema selfu haikuumbwa kupigwa mara arobaini kwa siku. Kijana mmoja tu alikitetea. Aliwahi kufanya kazi Dar es Salaam, akasema kwenye foleni ya asubuhi aliona nafuu. Wakamwambia basi arudi huko huko kwenye foleni.

Lakini lililowaunganisha wote lilikuwa betri. Gari la namna hii huundwa na betri ya pekee, yenye nguvu ya kuzimwa na kuwashwa mara nyingi, na selfu iliyoimarishwa. Betri hiyo ikichoka, mwenye gari huuliza bei, hushusha pumzi, kisha hununua ya kawaida. Betri ya kawaida nayo haidumu katika kazi ile. Hivyo walichokuwa wakikipima mafundi wa Japani na wanachokipima madereva wa Korogwe ni magari mawili tofauti, ingawa yana jina moja.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote, na mwaka 1974 Toyota walijaribu kuweka katika gari lao la Crown kifaa cha kuzima injini likisimama. Mwaka 1983 kampuni ya Fiat ya Italia ilitoa Regata ES, gari lililojizima kwenye taa za barabarani. Madereva wa huko hawakulipenda sana. Miaka mingi ilipita, hata Ulaya ilipoanza kuwabana watengenezaji kuhusu moshi, ndipo kifaa hicho kikaenea. Hata sasa ugomvi haujaisha: mwezi Mei 2025 mkuu wa shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira alitangaza kwamba watu wote wanakichukia, na kwamba shirika lake litalirekebisha jambo hilo. Nilipowasomea habari hiyo madereva wa kijiweni, walifurahi kana kwamba Marekani imewatuma ujumbe.

Sasa nirudi kwenye mwaka 1983, mwaka ule ule wa Fiat.

Nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo kimoja cha ualimu ambacho sitakitaja, na nilikabidhiwa dhamana ya usafiri. Msomaji aliyezaliwa baadaye hawezi kuijua vyema hali ya miaka ile. Vita vya Kagera vilikuwa vimekula fedha za kigeni, bei ya mafuta ilikuwa imepanda tena mwaka 1979, na mafuta yalipatikana kwa kibali. Jumapili baada ya saa nane mchana gari binafsi halikuruhusiwa barabarani bila ruhusa. Sabuni ilikuwa anasa. Betri ya lori sijui niiite nini.

Chuo kilikuwa na lori moja. Dereva wetu alikuwa Msambaa wa Bumbuli, aliyenizidi umri kwa miaka ishirini hivi, aliyejifunzia kazi katika mashamba ya mkonge enzi za kupiga hendeli. Alikuwa na tabia mbili zilizonikera. Kwanza, aliacha injini ikiunguruma wakati unga unapakiwa, wakati mhasibu yuko benki, hata wakati yeye mwenyewe anakunywa chai. Pili, hakukubali kuegesha lori uwanjani mbele ya ofisi kama nilivyotaka. Aliliegesha juu, penye mwembe, mahali palipoteremka kuelekea barabarani.

Nilipiga hesabu ubaoni. Kila saa ya kuunguruma bure ilikula mafuta ambayo tungeweza kuyatumia kuleta kuni. Hesabu haikuwa na kosa, na hata leo nikiirudia sioni kosa. Nikamwandikia barua ya onyo: injini izimwe kila lori lisimamapo, na liegeshwe uwanjani.

Aliisoma taratibu, akaikunja. “Mwalimu,” aliniambia, “kuzima naweza. Kuwasha kuna mwenyewe.”

Nilidhani ni maneno ya mtu mkaidi anayejificha nyuma ya dini. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, na barua yangu ilikuwa na muhuri.

Alitii. Haikupita mwezi, usiku mmoja wa masika, mke wa mpishi wetu alishikwa na uchungu, mambo yakawa magumu, na mkunga akasema apelekwe hospitali ya wilaya. Lori lilikuwa uwanjani, kwenye tambarare, limezimwa, kama nilivyoagiza. Dereva alizungusha ufunguo, tukasikia mlio mmoja mfupi, basi. Niliwaamsha wanachuo. Walisukuma katika tope, magurudumu yakizama, wengine wakianguka, dereva akiachia klachi na lori likikohoa na kukaa kimya. Sijui ni muda gani ulipita. Mwishowe tukamlaza mama yule juu ya kitanda cha kamba, wanachuo wanane wakambeba kwa zamu hadi hospitali, mimi nikitangulia na taa ya kandili.

Mama alipona. Mtoto hakupona.

Mpishi hakunilaumu, labda hakujua habari za barua. Dereva alijua. Asubuhi nilimkuta amefungua boneti, anafuta vichwa vya betri kwa tambara. Tuliamkiana kama kawaida. Nilitaka kusema neno, likakwama. Yeye akasema tu, “Pole, Mwalimu,” kana kwamba msiba ulikuwa wangu. Jioni ile lori lilipanda mwembeni, na sikuuliza. Barua sikuifuta. Ilibaki katika jalada lake hadi alipostaafu, na sikupata kumwomba radhi. Amekwisha kufariki siku nyingi.

Nimemweleza mpwa wangu haya yote. Alisikiliza vizuri, kisha akanieleza, kwa upole wa kijana aliyesoma ufundi, kwamba gari lake haliwezi kufanya vile: lina kompyuta inayopima nguvu ya betri kila wakati, na ikiona haitoshi kuwasha tena, injini haizimwi; vivyo hivyo injini ikiwa bado baridi. Nilipomsikia nilistaajabu. Kwa hiyo gari linajiuliza kwanza kama litaweza kuwaka, ndipo lizime. Ndilo swali ambalo dereva wangu alikuwa akijiuliza kila aliposimama, na ambalo mimi, pamoja na chaki yangu, sikujiuliza hata mara moja.

“Na betri uliyonayo ni ile ya kwake?” nikamwuliza.

Akacheka, akatazama chini. “Hapana, Mjomba. Ile ilikuwa ghali.”

Alilala kwangu usiku ule. Alfajiri nilipotoka kwenda msikitini niliona gari halipo pale alipoliacha. Alikuwa amelihamishia juu kidogo, kando ya ua, pua ikitazama mteremko.