Ufuatiliaji, Upekuzi, Udukizi: Mwajiri Anapoitazama Kompyuta ya Kazini

Katika sera za matumizi ya kompyuta maofisini huwa kuna sentensi fupi ambayo mwajiriwa mpya huitia saini siku ya kwanza, pamoja na fomu ya benki na ya bima ya afya: kwamba mwajiri ana haki ya kufuatilia matumizi ya kompyuta na intaneti ya ofisi. Mzigo wote wa sentensi hiyo umebebwa na neno moja, "kufuatilia", nalo ni neno la upole. Mzazi hufuatilia maendeleo ya mtoto shuleni. Karani hufuatilia faili lililokwama masjala. Aliyewahi kufanya kazi kwenye mradi wa wafadhili analijua kwa jina kamili, Ufuatiliaji na Tathmini, na hakuna anayeshtuka kulisikia. Mtu akinong'ona kwamba anafuatiliwa, tunaelewa ana hofu. Ofisi ikiandika kwamba itafuatilia, tunaelewa ni utaratibu wa kazi.

Istilahi yenyewe inahusu mwajiri kukusanya, kwa kutumia mitambo, habari za namna mfanyakazi anavyotumia vifaa vya kazi: tovuti alizofungua, barua pepe alizotuma, programu alizowasha, na pengine maneno aliyoyaandika. Nia yangu ni kuonyesha kwamba ndani yake mna vitendo vitatu visivyofanana hata kidogo, na kwamba kuviita vyote "ufuatiliaji" kunamdhuru mfanyakazi, na mwajiri mwenyewe pia.

Kesi inayofundisha zaidi kuhusu jambo hili ilianzia Bucharest, Romania, mwaka 2007. Bogdan Bărbulescu alikuwa mhandisi wa mauzo katika kampuni binafsi. Mwajiri alimtaka afungue akaunti ya Yahoo Messenger ya kujibia maswali ya wateja. Kanuni za kampuni zilikataza kabisa kutumia vifaa vya ofisi kwa mambo ya mtu binafsi, na mapema Julai wafanyakazi walipewa tangazo la kuwakumbusha hivyo, likitaja mwenzao aliyekwisha kufukuzwa kwa kosa hilo. Kuanzia tarehe 5 hadi 13 Julai kampuni ilinasa mazungumzo yake ya akaunti hiyo. Tarehe 13 aliitwa na kuulizwa. Akajibu kwa maandishi kwamba ameitumia kwa kazi tu. Dakika 50 baadaye aliitwa tena, safari hii akiwekewa mbele kurasa 45 za mazungumzo yake na ndugu yake wa kiume pamoja na mchumba wake, mengine ya afya na ya faragha kabisa. Ndani yake zilikuwamo pia jumbe tano fupi kutoka akaunti yake nyingine, iliyokuwa yake mwenyewe. Tarehe 1 Agosti alifukuzwa kazi.

Mahakama za Romania zilimwona mwajiri yuko sahihi. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, nayo ilisema hivyo mwanzoni, Januari 2016. Lakini tarehe 5 Septemba 2017 Jopo Kuu la mahakama hiyo, kwa kura 11 dhidi ya 6, liliamua kwamba Romania haikumlinda raia wake ipasavyo. Fedha alizopewa ni euro 1,365 za gharama za kesi, bila fidia ya maumivu. Thamani ya hukumu ile imo katika maswali ambayo Jopo Kuu liliwaagiza majaji wa nchi wanachama wayaulize kila kesi ya namna hii inapofika mbele yao. Je, mfanyakazi aliarifiwa mapema, na aliarifiwa nini hasa? Mwajiri alitazama kwa kina gani, na kwa muda gani? Alikuwa na sababu ya haki? Hakukuwa na njia nyepesi zaidi? Yaliyopatikana yalitumiwaje? Na mfanyakazi alikuwa na kinga gani?

Swali la pili kati ya hayo ndilo lenye mafunzo kwa wanaistilahi. Majaji walitenganisha mtiririko wa mawasiliano na maudhui yake. Kujua kwamba mtu ametuma ujumbe saa nne asubuhi ni jambo moja. Kuusoma ujumbe aliomwandikia mchumba wake ni jambo jingine, zito zaidi, linalohitaji sababu nzito zaidi. Wakasema pia kwamba amri za mwajiri, hata ziwe kali vipi, haziwezi kuyafuta kabisa maisha ya faragha ya mtu awapo kazini. Na waliona kwamba tangazo lile la Julai halikumwambia Bărbulescu kwamba mazungumzo yake yangesomwa neno kwa neno. Alijua amekatazwa, hakujua anasomwa.

Ili tofauti hiyo ieleweke, ni lazima tushuke hadi kwenye mashine. Kompyuta ya ofisi haiendi moja kwa moja kwenye intaneti. Kwa kawaida hupitia kifaa cha katikati, yaani ukuta wa moto au seva wakala, ambacho huandika daftari lake: kompyuta ipi, saa ngapi, imekwenda tovuti gani, imepakua kiasi gani cha data. Daftari hilo lina kazi halali. Bila hilo fundi wa TEHAMA hawezi kujua ni mashine gani imeingia virusi au nani anamaliza bando la ofisi nzima kwa kupakua filamu. Tovuti nyingi siku hizi zimesimbwa, hivyo daftari huonyesha kwamba ulifungua tovuti ya benki fulani, lakini halionyeshi salio lako.

Hapo ndipo watu wengi hujidanganya. Wanaona anwani imeandikwa kwamba ni salama, wanadhani hakuna awezaye kuchungulia. Lakini kompyuta ni ya ofisi, na fundi anaweza kuiwekea cheti cha kidijitali cha ofisi yenyewe. Mashine ikishakiamini cheti hicho, kifaa cha katikati kinaweza kuyafungua mawasiliano yako, kuyasoma, kisha kuyafunga upya na kuyapeleka yaendako, wala kivinjari hakitalalamika. Kuna namna ya kuliona hili kwa macho yako. Bonyeza alama iliyo kando ya anwani ya tovuti, tafuta maelezo ya cheti, kisha soma aliyekitoa. Ukikuta jina la kampuni unayofanyia kazi badala ya jina la mtoaji vyeti wa kawaida, basi bahasha yako inafunguliwa njiani. Dirisha la faragha la kivinjari halisaidii chochote hapa. Kazi yake ni kuifanya kompyuta isitunze historia. Kifaa cha katikati kinaendelea kuandika kama kawaida.

Tena zipo programu zisizongoja mawasiliano yatoke. Hukaa ndani ya kompyuta, zikapiga picha za skrini kila baada ya muda au kunasa kila kibonyezo unachobonyeza, nywila zikiwemo. Mtu ameunganisha WhatsApp ya simu yake na kompyuta ya ofisi ili ajibu upesi. Anajua jumbe zake zimesimbwa kutoka kwake hadi kwa mwenzake, na ni kweli. Lakini skrini inapopigwa picha, ujumbe umekwisha kufumbuliwa ili yeye ausome. Michango ya kikoba, majibu ya vipimo vya mama yake, ugomvi wa mirathi kwenye kundi la ukoo: vyote vimo kwenye picha, pamoja na majina ya watu ambao hawajawahi kuajiriwa na kampuni hiyo wala kutia saini sera yake.

Basi tuvipe vitendo hivi majina yake.

Kuweka daftari la mtiririko, kwa wazi na kwa wote, ndiko kunakostahili kuitwa ufuatiliaji. Neno linafaa: mtu anafuata nyayo bila kufungua mzigo.

Kuufungua mzigo na kusoma yaliyomo kuna jina la siku nyingi, nalo ni upekuzi. Tunalijua kutoka polisi na forodhani. Anayepekua hutia mkono ndani, ndiyo maana polisi huulizwa hati ya upekuzi, na mwenye nyumba hutaka shahidi awepo. Tukisema "upekuzi wa mawasiliano ya mfanyakazi", msikilizaji huuliza papo hapo: kwa idhini ya nani? Neno lenyewe linadai sababu, na hilo ni jambo jema.

Kupekua kwa siri ni udukizi. Kudukiza ni kutega sikio usikilize maongezi ya watu bila wao kujua, na Kiswahili hakijawahi kulitumia neno hilo kwa sifa njema. Halichanganyiki na udukuzi, ambalo magazeti yamelipa kazi ya kueleza wanaovunja na kuingia kwenye mifumo isiyo yao. Mwajiri hahitaji kuvunja kitu, ufunguo anao. Kwa hiyo "udukuzi" halimfai, na "upelelezi" tuwaachie polisi, kwa kuwa humtaja mfanyakazi kama mshukiwa kabla hajakosa.

Wako watakaosema haya ni ya wapenda kamusi. Watazame Ujerumani. Kampuni moja huko iliwatangazia wafanyakazi kwamba matumizi yao yote ya intaneti na ya mifumo ya kampuni yatawekewa kumbukumbu. Kisha ikaweka kwenye kompyuta ya kazini ya mtengeneza programu mmoja kinasa vibonyezo kilichopiga na picha za skrini, na ikamfukuza kwa yale iliyoyakuta. Julai 2017 Mahakama Kuu ya Kazi ya nchi hiyo ilikataa ushahidi huo: hakukuwa na tuhuma yoyote mahususi ya jinai au kosa zito dhidi yake, na kunasa kila kibonyezo kulipita kiasi. Tangazo lilisema ufuatiliaji. Kilichofanyika kilikuwa upekuzi. Kampuni ilishindwa kesi katika pengo lililo kati ya maneno hayo mawili.

Huku kwetu msingi upo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake binafsi, na Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya, ya 2010, inafanya vivyo hivyo. Hakuna iliyosema haki hiyo huachwa getini kwa mlinzi. Kenya ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, ambayo inataka maelezo ya kuridhisha kila panapohitajika habari za familia au za faragha za mtu. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Zote mbili zinadai mtu aambiwe taarifa zake zinakusanywa kwa lengo gani. Sentensi ya "tutafuatilia" haitaji lengo wala kiasi.

Najua hoja ya waajiri, na ina uzito. Kompyuta ni yao, intaneti wanalipia wao, na barua pepe moja yenye faili baya inaweza kuifunga hospitali au benki kwa siku kadhaa. Lakini nyumba pia ni ya mwenye nyumba, na bado hubisha hodi kwenye chumba cha mpangaji. Umiliki wa mlango haujawahi kuondoa hodi.

Na hayo "matumizi binafsi", ambayo Wakenya wengi huyaita "ya kibinafsi", tusiyazungumze kama wizi. Saa za kazi ndizo saa ambazo benki, shule na hospitali ziko wazi. Mtu anayenunua umeme wa nyumbani wakati wa chakula cha mchana, au kutazama matokeo ya mtihani wa mwanawe siku yanapotoka, hajaiba siku ya mwajiri. Anayecheza kamari mtandaoni asubuhi nzima ana kosa, nalo huonekana kwenye daftari la kawaida la mtiririko, bila mtu kusoma barua zake.

Ombi langu kwa maofisa rasilimali watu na wanasheria wanaoandika sera hizi ni hili: andikeni kitendo chenyewe. Kama mnatunza daftari la tovuti, semeni mnafuatilia, na mtaje daftari hukaa miezi mingapi na nani hulifungua. Kama mnasoma barua pepe, semeni mnapekua, kwa sababu zipi, kwa idhini ya nani, na mfanyakazi akiwepo au akijulishwa. Kama kuna kinasa vibonyezo, kitajeni kwa jina. Nawe msomaji uliyeajiriwa, kabla hujaunganisha WhatsApp yako na kompyuta ya ofisi, muulize mwajiri wako kwa maandishi: hapa mnafuatilia au mnapekua?