Biblia ya Malkia na Vilima vya Gusii

Katika makumbusho ya National Portrait Gallery, London, umo mchoro wa rangi za mafuta ambao Thomas Jones Barker aliuchora karibu mwaka 1863. Malkia Victoria, akiwa katika kasri la Windsor, anamkabidhi Biblia balozi wa Kiafrika aliyepiga goti, kilemba chenye unyoya kichwani na ngozi ya chui mwilini. Nyuma yao wapo mumewe Albert na wanasiasa Palmerston na Russell. Mchoro unaitwa Siri ya Ukuu wa Uingereza. Hauna msalaba wala malaika. Kwa Mprotestanti wa enzi ile, Kitabu chenyewe kilitosha kuwa ishara. Lakini ishara ya pili imejificha katika goti la yule balozi. Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walikuwa wakimchora mfalme mweusi miongoni mwa mamajusi, akimpelekea mtoto Yesu zawadi. Barker aligeuza mkondo wa zawadi bila kumwinua Mwafrika: bado amepiga goti, ila sasa yeye ndiye mpokeaji, na pale alipokaa mtoto pamesimama dola.

Nguvu ya mchoro huu, naona, imo katika mpangilio wa matukio unaoudai: Kitabu kwanza, ukuu baadaye. Historia ya vilima vya Gusii, magharibi mwa Kenya, yasema kinyume. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza lilivamia vilima hivyo likiwa na bunduki za rashasha, likaua watu na kuswaga mifugo. Januari 1908, baada ya Mgusii aitwaye Otenyo kumchoma mkuki afisa wa serikali G. A. S. Northcote, ambaye alipona, wanajeshi walirudi na kuua watu wengi kiasi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, alilalamikia mauaji hayo kutoka London. Ndipo Kitabu kikaja. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walifungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista Wasabato wakafungua Nyanchwa mwaka 1912. Wagusii waliupima ujio huo kwa macho yao. Septemba 1914, Wajerumani na Waingereza walipopigana Kisii na serikali ikaondoka kwa muda, wenyeji walizipora misheni zote mbili pamoja na mji. Anayeamini kwamba Kitabu kilipokewa kwa goti atueleze uporaji huo.

Kuna atakayesema kwamba ninamwonea mchoraji: alichora mfano, hakuandika taarifa. Ni kweli kisa chenyewe kilikuwa hekaya. Hata yule balozi ana utata. Wapo wanaomhusisha na Ali bin Nasr, liwali wa Mombasa aliyefika London mwaka 1838 na tena 1842 kama mjumbe wa Sayyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar. Kama ni yeye, mzaha ni mkubwa, maana alikuwa Mwislamu mwenye Kitabu chake, aliyekwenda kwa shughuli za bwana wake. Ila mfano nao hutoa dai, na dai hupimwa.

Pingamizi lililo zito zaidi ni jingine: hatimaye Gusii ilikuja kuwa nchi ya Kikristo, basi Barker alikosea nini? Alikosea mtoaji. Kanisa la Malkia, yaani Anglikana, halikuwa mojawapo ya yale mawili yaliyotangulia kujenga misheni hapo. Mill Hill lilikuwa shirika la Kikatoliki lenye mapadre wengi Waholanzi. Uadventista ulizaliwa Marekani. Ulifika ukanda huo mwaka 1906 kupitia Gendia, kando ya Ziwa Victoria, ukiletwa na Arthur Carscallen wa Kanada pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland. Kwa hiyo, miongoni mwa waliokibeba Kitabu kuja huku alikuwamo Mwafrika aliyesimama kwa miguu yake miwili. Barker hakuwa na nafasi ya mtu kama huyo katika ukumbi wake.

Hata nje ya misheni hizo, Nyansiongo, katika nyanda za Borabu, inaonyesha kile ambacho mchoro uliacha nje kabisa, nacho ni ardhi. Nyanda hizi, mpakani na Sotik, zilikuwa mashamba ya walowezi wa Kizungu. Uhuru ulipokaribia, mwanzoni mwa miaka ya 1960, zilikatwa vipande kwa mpango wa makazi na familia za Kigusii zikahamia, zikija na makanisa yao na, baadaye, zikapanda chai ambayo majani yake hupelekwa kiwandani hapo hapo. Hakuna aliyekabidhiwa shamba kama balozi wa Windsor alivyokabidhiwa Biblia. Serikali ya Uingereza ilisaidia kugharimia ununuzi kutoka kwa walowezi, na waliohamia walipewa vipande vyao kwa mkopo, wakabaki na deni la kulipa kwa miaka.